Mistari ya Chaki Karibu na Mlango

Yusta na Elibariki, wanafunzi wangu,

Mmeniuliza mara tatu ile mistari ya chaki ukutani karibu na mlango ni ya nini, na mara zote tatu nimejibu "ni ya kazi," kisha nikajifanya nakunja taulo. Sasa nimestaafu, sina tena taulo la kukunja, kwa hiyo nitajibu.

Nastaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Najua. Mama alipopata habari aliuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia mtu aliyejiajiri hafukuzwi. Akasema, "Basi umejifukuza." Ukweli ni kwamba vidole gumba vyangu vyote viwili vimekwisha. Daktari aliyeitazama picha alisema mikono ni ya kijana ila vidole gumba ni vya mzee wa miaka sabini, akaniuliza huwa nalima kwa jembe la aina gani. Siku hizi siwezi kufungua chupa ya maji bila kumwomba jirani. Barua hii naiandika nikiwa nimeshika kalamu kama mtoto wa chekechea, na hii ni nakala ya nne, kwa sababu zile tatu za kwanza zilikuwa na maneno yaliyokatwakatwa.

Sikusomea kazi ya kukanda. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, kwa lugha niliyoielewa nusu, na bando lilikuwa likiisha kabla hatujafika kiunoni. Ndiyo maana mwaka wangu wa kwanza nilikuwa hodari sana wa mabega. Mtu akilalamikia nyonga nilimwuliza kwa upole kama hana tatizo lolote la bega.

Aibu ya kutojua viungo vya chini ndiyo iliyonipeleka kwa Baba Neema, mwenye bucha pale sokoni Karatu. Nilimwomba anionyeshe msuli unapoanzia na unapoishia.

"Unanunua au unasoma?" akauliza.

"Nasoma."

"Basi simama upande ule, usiwazibie wanaonunua."

Nilisimama upande ule kila asubuhi kwa miezi sita, na daftari. Baba Neema hakuwahi kukanda mtu maishani mwake, lakini ndiye mwalimu wangu. Siku moja alinipa kisu nitenganishe paja la mbuzi, nikakata kwa nguvu zote mpaka jasho likanitoka. Akaninyang'anya. "Wewe unapigana na marehemu," alisema. "Nyama ina njia yake. Tafuta njia, kisu kitapita chenyewe." Niliyaandika maneno hayo kwa herufi kubwa, nikayapigia mstari kwa rula, kisha kwa miaka saba sikuyafuata. Nilichobaki nacho ni ujuzi wa ziada: mteja wangu akiguna, nilijua bila kutaka ni kipande gani chake kingefaa supu.

Kitanda changu cha kwanza mnakijua, kile kilichoegemezwa stoo. Fundi seremala aliniuliza tundu la uso liwe kubwa kiasi gani. Mtu mwingine angesema "la kawaida." Mimi nilikaa mbele ya kioo na futikamba, nikapima uso wangu kuanzia kidevu hadi paji, nikampa fundi vipimo pamoja na mchoro. Akalikata sawasawa na mchoro. Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa watalii mwenye uso mpana kama sinia. Uliingia, kwa sababu ya mafuta, lakini haukutoka. Tulimnasua mimi na kinyozi wa jirani, kinyozi akishikilia miguu na kumwambia, "Pumua, kaka, pumua." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimetengeneza kitanda kinachomfaa mtu mmoja tu katika wilaya nzima, na mtu huyo ndiye pekee ambaye hatakilalia.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya alizeti, ya kupikia, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo dukani. Nikayapasha moto kidogo, kama video ilivyosema. Madereva wakarudi nyumbani wananukia chipsi, na mke wa mmoja wao akaja kuniuliza hicho kibanda cha chipsi kiko wapi, maana mumewe anakula huko kila Ijumaa halafu anakataa.

Madereva ndio walionifundisha kazi, msiwadharau. Shingo ya dereva wa watalii inasomeka kama kitabu. Usukani uko kulia, wageni wako nyuma, kwa hiyo kila anaposema "pale kuna faru" anageukia kushoto. Ongeza barabara yenye makunyanzi, na kusimama juu ya kiti na kichwa nje ya paa. Upande mmoja wa shingo unakuwa mfupi, mwingine mrefu. Mkandeni upande mfupi polepole, mwacheni mrefu upumzike. Mimi nilikanda pande zote mbili sawa, mara arobaini kila upande, kwa kuhesabu. Nikipotewa na hesabu nilianza upya. Kuna dereva alikandwa kiuno mara tatu mfululizo kwa sababu honi ya barabarani ilinikatiza hesabu. Yeye alisimulia mjini kwamba mimi ni mtu mkarimu.

Sasa mistari.

Dereva mmoja mteja wangu alimpa lifti mzee wa Kimasai kutoka Nainokanoka siku ya mnada, akamleta kwangu badala ya kumshusha kwenye ng'ombe. Mzee Koromo aliingia akiwa amevaa shuka nyekundu na katambuga, viatu vya matairi, mkono wa kulia ukiwa umelala ubavuni kama si wake. Nyuma yake aliingia Mzee Sironga, mtu wa rika lake, ambaye hakuwa mgonjwa wa chochote. Alikuja kutazama, na alikuja kila mara baada ya hapo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai ya wateja, akatoa maoni.

Niliwaamkia. Mzee Koromo hakulala kitandani. Aliuliza kwanza, "Wewe ni rika gani?"

Nikamwambia mimi Mwiraqw wa hapa Karatu, sina rika.

"Kila mtu ana rika. Ulitoka na akina nani?"

Nilifikiri sana, nikiogopa kukosea. "Nilimaliza kidato cha nne na akina Daudi wa gereji."

Wazee walitazamana, wakaongea Kimaa kwa muda. Mzee Sironga akatoa hukumu: "Haya. Rika la Daudi linaweza kumshika." Mpaka leo Daudi hajui heshima aliyopewa.

Bega lilikuwa limeganda. Mtamkuta mgonjwa wa namna hii: hakuanguka, hakuvunjika, ila kila siku mkono unaishia chini kidogo kuliko jana, mpaka unagoma. Nilipomuuliza linamzuia kufanya nini, nilitegemea aseme fimbo au mifugo.

"Watoto," alisema.

Mnajua desturi yao. Mtoto akimsalimia mkubwa huinamisha kichwa, mzee humwekea mkono utosini. Si watoto wadogo tu, hata kijana mrefu na binti mkubwa husalimia hivyo.

"Kwanza walinitoka warefu," Mzee Koromo alisema. "Halafu wa kati. Sasa nimebaki na wanaotambaa."

"Anawagusa kwa fimbo," Mzee Sironga alieleza. "Mtoto anakuja kusalimia, anapigwa utosini ko! Wengine sasa wanapita nyuma ya nyumba."

"Si kweli."

"Ni kweli. Na vijana wakubwa wanainama mpaka unadhani wanatafuta sindano iliyoanguka."

Mkono wa kushoto haukuwa na mjadala, huo ni wa kazi nyingine. Shida yenyewe ilikuwa Naserian, binti yake wa mwisho, mcheza netiboli, ambaye angeolewa baada ya mavuno. Siku bibi harusi anapotoka boma la baba yake, baba humwekea mkono wa kulia kichwani, humbariki, naye huondoka bila kugeuka nyuma. Mzee alikuwa amewabariki mabinti wanne namna hiyo. "Huyu siwezi kumtoa kwa fimbo," alisema, na hapo hata Mzee Sironga aliweka kikombe chini.

Nilimwambia mambo matatu ambayo nanyi mtawaambia wagonjwa wa namna hii. Kwanza, bega lililoganda halifunguki kwa siku moja, ni miezi. Pili, akapime sukari hospitali, kwa sababu kisukari na bega la namna hii hutembea pamoja mara nyingi. Alipima huko Endulen, ikaonekana imepanda, akaambiwa apunguze. ("Chai yake kijiko kinasimama chenyewe," Mzee Sironga alithibitisha, akiongeza vijiko vinne kwenye yake.) Tatu, kazi kubwa ataifanya yeye mwenyewe nyumbani: kitambaa cha moto, kuuning'iniza mkono na kuubembeza kama kengele ya ng'ombe, na kutambaza vidole ukutani kupanda juu, kama buibui mvivu.

Kwa ajili ya buibui huyo nikachora mistari. Mstari wa chini ni mtoto wa chekechea. Unaofuata ni darasa la nne, halafu kidato cha pili. Wa juu kabisa, ule nilioukoleza mara mbili, ni Naserian. Nilimpigia simu binti wa watu, nikamwomba asimame wima ukutani, amwite mtu ampime bila viatu, anitumie namba. Alinitumia. Nikamwomba apimwe tena, kwa uhakika.

Kila siku ya mnada wazee walikuja. Mzee Koromo alikuja na mafuta yake ya kondoo kwenye kibuyu kidogo, akisema yangu yanamtia njaa. Nilikanda, kisha alipandisha vidole ukutani, na Mzee Sironga alitangaza kama mtu wa redio: "Amempita wa chekechea! Anapumzika. Anamtazama wa darasa la nne."

Tatizo lilikuwa moja. Nikiminya nauliza, "Baba, panauma?" Jibu lilikuwa lile lile: "Hapana." Nikiminya zaidi: "Hapana." Uso hautikisiki hata ukope. Mtu aliyefunzwa ujanani kutokupepesa jicho mbele ya kisu cha jando hatapepesa kwa ajili ya kidole changu. Lakini mkandaji asiyejua panapouma ni kama dereva aliyefumba macho. Nikamwomba Mzee Sironga, kando, awe ananikonyeza rafiki yake anapoumia.

Alichukizwa sana. "Nimsaliti mtu wa rika langu? Kwa chai?"

Alikunywa kidogo, akatazama dirishani. Kisha akasema, kama anaiambia barabara, "Mimi sisemi neno. Lakini mtu ana miguu pia."

Nikatazama miguu. Nikaminya taratibu. "Panauma, baba?" "Hapana." Na kwenye katambuga ya kulia kidole gumba kikainuka chenyewe, wima, kama askari aliyemwona mkuu wake. Nikalegeza, kikalala. Tangu siku hiyo nilimkanda bega nikitazama mguu. Kidole kikitikisika, naendelea. Kikisimama, naacha. Hakuna kifaa nilichowahi kutumia chenye ukweli kama kile.

Tulimfikia wa darasa la nne, tukampita. Ilibaki miezi miwili, na yeye alikuwa chini ya kidato cha pili kwa vidole vitatu. Mzee alifurahi. Mimi sikulala. Nilikuwa nikiutazama mstari wa juu na kupiga hesabu: kwa mwendo huu hatafika. Na hapa, Yusta na Elibariki, ndipo penye kosa langu, nalieleza wazi kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu.

Mnada uliofuata mvua ilinyesha. Mzee Koromo alikuja amevaa gambuti.

Niliziona. Niliwaza kumwomba avue, nikaona ni utovu wa adabu kumvua mzee viatu bila sababu ya kueleza, na sababu nisingeweza kuieleza bila kumchongea Mzee Sironga. Nikamkanda hivyo hivyo. Nilibonyeza kwa gumba, nikauvuta mkono juu. "Panauma?" "Hapana." Nikauvuta tena. Gumba langu la kulia lilikuwa likiwaka moto, na mimi pia, kama ningeulizwa, ningesema hapana. Mzee Sironga alikohoa. Akakohoa tena. Akakohoa mpaka nikamwuliza kama ametafuna jani la chai. Nilivuta mara moja zaidi, kwa ajili ya mstari.

Mzee Koromo alitoka akinishukuru. Mnada uliofuata hakuja.

Alikuja Mzee Sironga peke yake, akakaa kwenye kiti chake, akakataa chai. Hapo nilijua. "Mkono umelala," alisema. "Usiku hapati usingizi. Amerudi kwa wanaotambaa."

Niliandika barua ya kuomba msamaha, nakala nne. Kwenye ya tatu nilieleza misuli yote kwa majina. Nilipomkabidhi, Mzee Sironga aliigeuza juu chini, akasema, "Koromo hasomi. Mimi pia sisomi. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimekosea."

"Hayo tu? Karatasi yote hii?"

Wiki zile nilifunga mapema kila siku. Nilimweleza Baba Neema pale buchani, naye akaendelea kupanga maini. "Tena umepigana," alisema. "Na huyu hakuwa marehemu."

Mnada wa tatu mlango ulifunguliwa na Mzee Koromo mwenyewe, mkono ubavuni. Nje kulikuwa na tope la kutosha kuzamisha ndama, naye alikuwa miguu mitupu. Alikaa, akaunyoosha mguu wake wa kulia mbele yangu, akaupangusa tope kwa pembe ya shuka.

"Viatu nimeacha," alisema. "Soma."

Sijui alijua tangu lini. Mzee Sironga alikuwa akiutazama ukuta kwa makini sana.

Tukaanza upya, kwa kitambaa cha moto na ule ubembezaji wa kengele, bila kuvuta. Sikutumia gumba, nilitumia kiganja na kiwiko, kama ninavyowahimiza nanyi kila siku mpaka mnachoka. Mkono ulirudi kwa wa chekechea, ukampita. Ulimfikia wa darasa la nne ukazidi kidogo, na siku zikaisha. Mpaka mstari wa Naserian palibaki mkono mzima wa mtu na zaidi.

Nilialikwa. Nilipanda Nainokanoka na gari la magunia, nimevaa suruali niliyoipiga pasi mara mbili, nikiwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi Naserian mbele ya ukoo wake. Kulikuwa na ukungu na ng'ombe, watu wengi, na baridi ya kutafuna masikio. Nilimvuta Mzee Sironga kando.

"Baba, hatafika. Kwa mstari ule hatafika."

"Mstari gani?"

"Wa juu. Wa Naserian."

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya bati. Kabla hajajibu, bibi harusi akatoka nyumbani, mrefu kama nilivyomwandika, shanga zikilia shingoni. Alitembea hadi mbele ya baba yake. Akainamisha kichwa.

Kichwa kilishuka taratibu mpaka kifuani pa mzee. Mkono wa kulia ukapanda, ukampita, ukarudi chini kidogo kumtafuta, ukatua utosini. Ukakaa hapo muda wote wa baraka. Miguu ya mzee ilikuwa kwenye katambuga mpya. Nilitazama. Kidole kilikuwa kimelala.

Naserian akaondoka bila kugeuka nyuma. Mimi nilibaki nimesimama na hotuba yangu.

Nimezaliwa Karatu. Nimewaona watoto wakiinama mbele ya wazee wao tangu nikiwa sijui kutembea. Mzee Sironga aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba vijana wanainama, na neno "wanainama" nililiandika kwenye daftari. Kisha nikampima binti wa watu akiwa wima, bila viatu, mara mbili. Kimo kilichotakiwa mzee alikuwa amekifikia kabla ya siku ya gambuti. Maumivu yote yale yalikuwa ya kutafuta mahali ambapo hapakuwa na kichwa.

Nilimwambia hivyo Mzee Koromo mwenyewe, palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilishangaa," alisema. "Nilisema labda hizi ni hesabu za dawa. Labda ukitaka kufika kifuani, lazima ulenge mbinguni."

"Mimi nilijua ni ujinga," alisema Mzee Sironga. "Lakini chai ilikuwa nzuri."

"Na wewe," Mzee Koromo akaniambia, "mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

Nikainama. Mkono ukaja utosini, mzito, wa joto, unanuka mafuta ya kondoo. Haukuondoka. Ukateleza nyuma hadi kwenye shingo, ukaminya upande mmoja, ukaminya mwingine.

"Hii ni ya jiwe," alisema. "Nani anakukanda wewe?"

Nikamwambia hakuna. Akasema na mwenzake Kimaa, wakacheka mpaka Mzee Sironga akashika fimbo kwa mikono miwili.

Ndiyo hiyo mistari. Mitatu ya chini iacheni, inafaa. Wa juu ufuteni, au uacheni muwe mnamsimulia mteja mwenye haraka.

Jumatatu nakuja, si kazini, bali kukandwa. Vidole, na shingo pia. Toeni kile kitanda cha stoo mkipanguse vumbi, maana nina hakika uso wangu utaingia bila kuzidi hata unywele. Nitavua viatu mlangoni. Mkiniuliza kama panauma, nitasema hapana. Tazameni kidole.